Sauti Isiyosikika na Milango Miwili ya Ubongo

Ubongo wa mwanadamu umewekwa nyuma ya milango miwili. Mlango wa kwanza ni fuvu la kichwa, mfupa mgumu ambao kila mtu huujua kwa kuugusa. Mlango wa pili hauonekani kwa macho: ni ukuta mwembamba wa seli zilizoshikamana ndani ya mishipa midogo ya damu ya ubongo, ambao huruhusu vitu vichache kupita kutoka katika damu na huvizuia vingi. Milango hii ni rehema kwa mtu mwenye afya, maana bila ya hiyo sumu na vijidudu vingefika kwa wepesi mahali penye fahamu, usemi na kumbukumbu. Lakini mtu apatwapo na maradhi ya ubongo, hasa yale ya kupotewa na kumbukumbu na akili ambayo matabibu huyaita dimenshia, rehema hugeuka kuwa kikwazo. Dawa hubisha hodi nje, na maradhi huendelea na kazi yake ndani.

Kwa muda wa miaka karibu 100 wataalamu wa nchi mbalimbali wamejaribu kuipita milango hiyo kwa sauti. Historia ya juhudi yao husimuliwa mara nyingi kama safari ya kutafuta dawa, iliyoanza gizani na kuishia nuruni. Masimulizi ya namna hiyo yanapendeza lakini yana kasoro. Kilichopatikana, tena baada ya kupotea njia mara nyingi, ni ufunguo. Kama mgonjwa aliyefunguliwa mlango atapona au hatapona ni swali jingine, na jibu lake halijatimia. Asiyeyatenga mambo haya mawili hawezi kuielewa historia yenyewe, wala kuzipima habari za kutia matumaini ambazo magazeti huzitangaza kila panapotokea jaribio jipya.

Sauti inayohusika si ile isikiwayo na masikio. Sikio la mwanadamu hupokea mitetemo ipatayo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ipitayo kiasi hicho ndiyo altrasaundi, na jina hili si geni tena katika Afrika ya Mashariki, maana akina mama wajawazito wengi wamepimwa kwayo. Sauti ya kupimia mimba ni hafifu. Ile ya kutibia ubongo hukusanywa. Mfano wake ni kioo cha kukuzia kinachokingwa juani: miali ya jua haimwunguzi mtu mkono isipokuwa pale inapokutana baada ya kupita katika kioo. Hali kadhalika mawimbi ya sauti yaweza kutumwa kutoka pande nyingi, kila moja likiwa dhaifu, yakakutana ndani ya kichwa mahali padogo kama punje ya mchele. Hapo yanapokutana, nguvu yake yaweza kuunguza nyama, au ikipunguzwa, kuitikisa tu. Tofauti hii kati ya kuunguza na kutikisa ni ya kukumbukwa, kwa kuwa nusu ya kwanza ya historia ni ya wenye kuunguza, na nusu ya pili ni ya wenye kutikisa.

Mwanzo wake ulikuwa mbali sana na hospitali. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kuwa baadhi ya mawe angavu, kama vile kwatzi, yakibanwa hutoa umeme. Muda si mrefu ikathibitishwa kwamba kinyume chake ni kweli pia: jiwe hilo likitiwa umeme hujibana na kujinyoosha, kwa kiasi kidogo kisichoonekana. Jambo hilo lilikaa kwa miaka zaidi ya 30 kama ajabu ya maabara. Kisha meli ya Titanic ikazama mwezi wa Aprili 1912 baada ya kugonga mlima wa barafu, na miaka miwili baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza, ambamo nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi za maadui zao. Ikahitajika njia ya kukitambua kitu kilichojificha chini ya maji. Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, akishirikiana mwanzoni na mhandisi Mrusi, Constantin Chilowsky, aliitumia kwatzi kutoa mawimbi ya sauti kali majini na kusikiliza mwangwi wake. Katika majaribio hayo iliripotiwa kwamba samaki waliopita katika njia ya mawimbi walikufa, na mtu aliyetia mkono wake majini mbele ya chombo alipata maumivu makali. Chombo cha kumtafuta adui kikaonyesha tangu utoto wake kwamba kinaweza kumdhuru kiumbe hai, na tiba zote zilizofuata zilitokana na dhara hilo.

Mwanafizikia Mmarekani Robert Wood, aliyekuwa ameiona kazi ya Langevin kule Toulon wakati wa vita, hakuisahau habari ya samaki wale. Alishirikiana na tajiri mmoja, Alfred Loomis, aliyekuwa na maabara yake mwenyewe katika Tuxedo Park karibu na New York, na mwaka 1927 wakatangaza matokeo yao: sauti kali iliziua samaki ndogo na vyura na kupasua chembe nyekundu za damu. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walitengeneza chombo cha kwatzi kilichobonyezwa kama kisahani, kikaikusanya sauti mahali pamoja. Wakaona kwamba inawezekana kuidhuru sehemu ya ndani ya nyama na kuiacha ile ya juu bila jeraha. Walakini walipoielekeza sauti hiyo katika vichwa vya wanyama, ngozi ya kichwa na nyama iliyo chini yake ziliumia. Sababu yake ni mfupa. Fuvu hunywa sauti nyingi kuliko nyama laini, na sauti inywewayo hugeuka kuwa joto. Tena fuvu halina unene mmoja: mawimbi yapitayo mahali panene hutangulia na yapitayo mahali pembamba huchelewa, hata yale yaliyotumwa ili yakutane hupishana.

Waliofika mbali zaidi katika zama hizo ni William Fry na ndugu yake Francis, wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana. William alikuwa amefanya kazi ya vyombo vya sauti vya manowari katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akaja Illinois na ujuzi huo. Walitumia vyanzo vinne vya sauti vilivyoelekezwa mahali pamoja, wakaweza kuharibu ndani ya ubongo wa paka sehemu ndogo waliyoichagua, pasipo kuigusa mishipa ya damu iliyopita karibu yake. Baadaye, pamoja na mpasuaji Russell Meyers wa Chuo Kikuu cha Iowa, waliwatibu wagonjwa wenye ugonjwa wa Parkinson na mitetemeko mingine, na habari zao zikatolewa mwaka 1959. Wapo waliopungukiwa na mitetemeko na ukakamavu wa viungo. Lakini kila mgonjwa alitakiwa kwanza aondolewe sehemu ya mfupa wa fuvu ili sauti ipate pa kupitia. Tiba iliyosifiwa kwamba haina kisu ilianza kwa kisu.

Fuvu liliwahadaa wengine kwa namna nyingine. Huko Austria tabibu wa mishipa ya fahamu, Karl Dussik, na ndugu yake Friedrich aliyekuwa mwanafizikia, hawakutaka kuunguza kitu, walitaka kuona. Walipitisha sauti upande mmoja wa kichwa na kuipokea upande wa pili, na mwaka 1942 Dussik akatangaza picha ambazo aliamini zilionyesha vyumba vya maji vilivyomo katikati ya ubongo. Zilikuwa miongoni mwa picha za kwanza za mwili wa mtu kupatikana kwa altrasaundi, na watu wa Ujerumani na Marekani wakaifuata njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikadhihirika ya kuwa fuvu tupu lisilo na ubongo ndani yake, likitiwa majini, lilitoa picha zinazofanana na zile. Kilichopigwa picha kilikuwa mfupa wenyewe. Kisa hiki hakitajwi sana na waandikao habari za ushindi wa altrasaundi, nacho kinastahili kutajwa, kwa sababu Dussik hakuwa mdanganyifu wala mjinga. Alikuwa na chombo kizuri, nia njema, na picha iliyofanana na alichokitarajia.

Miaka ya 1950 ilikuwa pia na mambo ambayo leo husomwa kwa wasiwasi. Petter Lindström, tabibu aliyefanya kazi Pittsburgh, aliitumia sauti kudhuru nyuzi za ubongo wa mbele wa wagonjwa wenye maumivu ya saratani na wenye maradhi ya akili, mahali pa upasuaji wa kuzikata nyuzi hizo uliokuwa umeenea siku zile. Katika Sweden, Lars Leksell aliijaribu sauti, akachoshwa na kikwazo cha fuvu, akageukia mionzi ambayo haijali mfupa. Mwisho wa miaka ya 1960 dawa ya levodopa ikawapa nafuu wagonjwa wengi wa Parkinson kwa kumeza tu, na haja ya kuwatoboa vichwa ikapungua. William Fry alifariki mwaka 1968. Sauti ikarudi katika kazi ya kupimia mimba na mioyo, na ubongo ukaachwa kwa miaka mingi.

Ama mlango wa pili una historia yake. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Kijerumani, aliandika kwamba rangi aliyotia katika damu ya wanyama ilipaka viungo vyote isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Yeye alidhani kwamba ubongo hauipendi rangi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume mwaka 1913: alitia rangi katika maji yauzungukayo ubongo, na ubongo ukapakwa rangi huku viungo vingine vikibaki safi. Kwa hiyo ubongo haukuwa na chuki na rangi; palikuwa na kitu kati. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky, kwa darubini ya elektroni, walionyesha mahali hasa penye ukuta huo: seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshikamana ubavu kwa ubavu bila ya kuacha upenyo. Ukuta huu ndio unaozuia dawa nyingi. Kwa kingamwili, ambazo ni protini kubwa, hukadiriwa kwamba inayoingia ubongoni ni sehemu ipatayo 1 tu katika kila 1,000 ya ile iliyomo katika damu.

Mwaka 1956 Louis Bakay na wenzake huko Massachusetts, wakiwachunguza paka waliopigwa sauti, waliona ya kuwa ukuta huo ulikuwa umevuja mahali palipopigwa. Kwao jambo hili lilikuwa sehemu ya madhara, kwa maana ubongo wenyewe pia ulikuwa umeumia. Wengine waliupita ukuta kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 Stanley Rapoport alionyesha kwamba maji mazito ya sukari yakitiwa katika mshipa mkubwa yaweza kuulegeza kwa muda, lakini huo ni sawa na kufungua milango ya mtaa mzima kwa ajili ya nyumba moja. Kilichohitajika kilikuwa njia ya kuulegeza mahali padogo, kwa saa chache, bila ya kuujeruhi ubongo. Nguvu ya sauti iliyotosha kufungua ilikuwa karibu mno na nguvu iliyoharibu.

Njia ilipatikana kwa kitu kidogo kisichotazamiwa. Wapimaji wa mioyo kwa altrasaundi walikuwa wameanza kutia katika damu ya wagonjwa vipovu vya gesi vilivyofunikwa kwa ganda la protini au mafuta, vidogo kama chembe nyekundu za damu, ili picha zao ziwe wazi zaidi. Kullervo Hynynen, Mfini aliyekuwa Boston, pamoja na Nathan McDannold, Natalia Vykhodtseva na Ferenc Jolesz, walivitia vipovu hivyo katika damu ya sungura kisha wakaielekeza sauti ubongoni. Mwaka 2001 wakatangaza kwamba ukuta ulifunguka mahali palipokusudiwa, tena kwa nguvu ndogo kuliko ile ya zamani. Vipovu vipitapo katika njia ya sauti hutanuka na kusinyaa kwa kuifuata mitetemo, vikizisukuma na kuzivuta kuta za mshipa, hata zile seli zilizoshikamana zikaachana kidogo. Sauti ikiisha, hurudiana. Kwa hiyo kile ambacho mwaka 1956 kilihesabiwa kuwa jeraha, baada ya miaka 45 kilikuwa kimekuwa kusudi. Faida nyingine ilikuwa kwa mlango wa kwanza: nguvu ikiwa ndogo, fuvu halipati moto mwingi.

Fuvu nalo lilikuwa limeanza kushindwa kwa hesabu. Jolesz, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi katika hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, alisisitiza kwamba tiba ifanyike ndani ya mtambo wa MRI, upigao picha kwa nguvu ya sumaku, ili daktari auone ubongo na kulipima joto lake papo hapo. Hynynen na wengine, na huko Paris wanafunzi wa shule ya Mathias Fink, walionyesha namna ya kurekebisha upotovu uletwao na mfupa. Fuvu la mgonjwa hupigwa picha za eksirei kutoka pande zote, unene wake ukapimwa mahali kwa mahali, kisha chombo chenye vyanzo vingi vya sauti kikaamrishwa kila chanzo kitangulie au kichelewe kwa kadiri ya mfupa ulio mbele yake. Chombo kilichoenea zaidi kina vyanzo 1,024 vilivyopangwa ndani ya kofia kubwa. Mgonjwa hunyolewa nywele, kichwa hufungwa katika fremu kisitikisike, na maji baridi huzungushwa kati ya kofia na ngozi. Mwaka 2016 idara ya Marekani isimamiayo dawa na vyombo vya tiba ilikikubali chombo cha namna hii kwa kutibu mtetemeko wa mikono, baada ya jaribio la wagonjwa 76 lililoongozwa na Jeffrey Elias wa Chuo Kikuu cha Virginia. Ile kazi ya ndugu wawili wa Urbana ikatimizwa bila ya kuondoa mfupa.

Basi milango yote miwili ilikuwa imepatiwa ufunguo. Sharti sasa itazamwe nyumba.

Mwezi wa Novemba 1901 tabibu Alois Alzheimer alimpokea katika hospitali ya Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Alipoulizwa jina lake alijibu Auguste. Alipoulizwa jina la mumewe alijibu pia Auguste. Alifariki mwaka 1906, na Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona madoa ya uchafu kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong waliitambua protini ijengayo uchafu huo, iitwayo amiloidi beta, na tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wakaamini ya kuwa amiloidi ndiyo mzizi wa maradhi. Imani hiyo ndiyo iliyowapa wenye sauti kazi yao mpya. Kama amiloidi ndiyo adui, na kingamwili zaweza kuiondoa lakini haziingii, basi wafungue mlango.

Kwa panya jambo hilo lilifanikiwa upesi. Mwaka 2010 kundi la Hynynen, aliyekuwa amehamia Toronto, na Isabelle Aubert lilionyesha kwamba kingamwili zilizoingizwa kwa msaada wa sauti zilipunguza amiloidi katika ubongo wa panya waliofanywa wawe na ugonjwa huo. Mwaka 2015 Gerhard Leinenga na Jürgen Götz wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikwenda mbele zaidi: walipitisha sauti na vipovu katika ubongo wote wa panya bila dawa yoyote, na amiloidi ikapungua, kwa kuwa seli za usafi za ubongo wenyewe, ziitwazo mikroglia, ziliamka na kuila. Panya hao wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu. Habari hizo zilienea duniani kwa haraka, na jamaa za wagonjwa waliandika wakiomba nafasi ambazo hazikuwapo. Aliyesoma historia ya ugonjwa huu angefurahi kwa kiasi. Panya wa maabara wameponywa Alzheimer kwa dawa nyingi ambazo baadaye hazikumfaa mtu hata mmoja, kwa sababu panya hapati ugonjwa huo kwa uzee wake. Hupewa na mwanadamu, kisha mwanadamu akamwondolea alichompa.

Kwa watu, mwendo ulikuwa wa tahadhari, na ndivyo ilivyopasa. Nir Lipsman, Sandra Black, Hynynen na wenzao wa Toronto walitangaza mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 5. Ukuta ulifunguliwa katika sehemu ndogo ya ubongo wa mbele, na ndani ya saa 24 ukawa umefungika. Hapakuwa na madhara makubwa. Amiloidi haikupungua kwa kiasi cha kutajwa, na kumbukumbu haikubadilika. Mwaka 2020 Ali Rezai na wenzake wa West Virginia walitoa habari za wagonjwa 6 waliofunguliwa ukuta katika hipokampasi, sehemu ambayo kumbukumbu huitegemea sana na ambayo ugonjwa huu huishambulia mapema. Hapo pia ukuta ulifunguka na kufungika. Matokeo kama haya huonekana madogo kwa asiyejua swali lililoulizwa. Swali lilikuwa: je, mlango waweza kufunguliwa kwa mtu mzee mgonjwa bila ya kumwumiza? Jibu lilikuwa ndiyo, kwa watu hao wachache.

Hata ndiyo hiyo ina mpaka wake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha ya kuwa kufunguliwa kwa ukuta kuliamsha katika ubongo wa panya ishara za uvimbe kama zile za jeraha. Wengine wakajibu kwamba vipovu vilivyotumika vilikuwa vingi mno, na kiasi kikipunguzwa ishara hizo hupungua. Ubishi huo una maana kubwa kwa maradhi ambayo mgonjwa wake angehitaji kufunguliwa mara nyingi kwa miaka. Liko pia jambo la ridhaa. Mwenye dimenshia anayelala ndani ya mtambo kwa saa kadhaa amekubali jana jambo ambalo kesho huenda asikumbuke kwamba alilikubali. Kwa sababu hiyo watafiti wamewachukua wale walio katika mwanzo wa ugonjwa, ambao bado wanaweza kuelewa na kukataa. Si wote walio na uangalifu huo. Katika Ulaya mashine ya aina nyingine, ambayo haifungui ukuta bali huupiga ubongo kwa mapigo mafupi ya sauti, ilipata kibali cha kuuzwa mwaka 2018 kabla ya majaribio makubwa yenye kundi la kulinganisha, na wagonjwa wakaanza kutozwa fedha kwa ajili yake.

Haifai pia kusahau ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulikadiria ugonjwa huo kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Wazee hao hutunzwa nyumbani na wake zao, binti zao na wakaza wana wao, na wengine husemwa kwamba wamerogwa au kwamba ni uzee tu. Kofia yenye vyanzo 1,024 yahitaji mtambo wa MRI, na mitambo hiyo katika Afrika ya Mashariki ni michache na imo katika miji mikubwa. Msomaji wa Hai na msomaji wa Toronto hawaisomi historia hii kwa matumaini ya aina moja.

Wakati wenye sauti wakijaribu ufunguo wao, wenye dawa walikuwa wamefika penye majibu yao. Aducanumab, kingamwili ya kuondoa amiloidi, ilikubaliwa Marekani mwezi wa Juni 1921 + 100, yaani 2021, katikati ya ubishi mkali, kwa kuwa majaribio yake hayakuafikiana juu ya faida kwa akili ya mgonjwa. Lecanemab ilifuata, ikakubaliwa kikamilifu mwaka 2023. Katika jaribio lake la watu 1,795 kwa miezi 18, hali ya waliopewa dawa ilizidi kuwa mbaya, lakini polepole kuliko ya waliopewa dawa tupu. Tofauti ilikuwa alama 0.45 katika kipimo cha alama 18. Baadhi yao walipata uvimbe au kuvuja damu kidogo ubongoni. Matabibu wangali wakibishana kama mume au mke wa mgonjwa anaweza kuiona tofauti hiyo nyumbani.

Mambo haya mawili, ufunguo na dawa, yalikutanishwa kule West Virginia. Rezai na wenzake waliwapa wagonjwa 3 aducanumab kila mwezi kwa miezi sita, na baada ya kila dozi wakaufungua ukuta kwa sauti katika upande mmoja tu wa ubongo. Upande wa pili uliachwa ili uwe wa kulinganisha. Habari zao zilitolewa mwezi wa Januari 2024: baada ya wiki 26, katika sehemu zilizofunguliwa amiloidi ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 32 zaidi kuliko katika sehemu zilezile za upande usiofunguliwa. Ni ushahidi safi wa kazi ya mlango, kwa kuwa mtu ni yule yule, damu ni ile ile, na dawa ni ile ile. Lakini kipimo hicho kilichowezekana kwa amiloidi hakiwezekani kwa kumbukumbu. Ubongo una pande mbili za kulinganishwa katika picha. Mgonjwa anayetafuta jina la mwanawe ana akili moja, na watu 3 hawatoshi kuonyesha kama imepata nafuu. Mwisho wa mwezi huo huo wa Januari kampuni iliyotengeneza aducanumab ilitangaza kwamba inaacha kuiuza.